Kompyuta ya Mwanjelwa Iliyofomatiwa Mara Tatu

Kompyuta yenyewe ni ya kawaida: ya mezani, Core i5 ya kizazi cha nne, mtumba, RAM GB 8, diski ya kuzunguka ya GB 500. Inakaa kwenye steshenari moja Mwanjelwa, Mbeya, ambako flashi za watu zinaingia na kutoka mchana kutwa kama abiria wa daladala za Kabwe. Huyu kaleta barua ya kuomba kazi, yule katiba ya kikundi, mwingine orodha ya kamati ya harusi. Mashine inazipokea zote bila kuuliza zimetoka wapi.

Ilifomatiwa mara tatu. Mara mbili za kwanza zilikuwa kazi bure, na moja kati ya hizo ilikaribia kumaliza data yote ya mwenye duka. Makosa mengi yalikuwa yetu mafundi, si yake, na tutayataja yalivyo.

Dalili za kwanza zilikuwa za virusi ambavyo kila mwenye steshenari anavijua kwa jina la shotikati. Ukichomeka flashi, mafaili yote yanageuka ikoni zenye mshale mdogo pembeni. Kinachofanyika ni hiki: skripti ndogo, yaani faili la amri, inayaficha mafaili halisi, mara nyingi kwa kuyahamishia kwenye folda isiyo na jina, kisha inaacha ikoni za bandia. Ukibofya ikoni, inaendesha skripti kwanza halafu inakufungulia faili lako, kwa hiyo huoni tofauti. Kompyuta imeshaambukizwa na wewe unasoma barua yako kwa amani.

Tukafanya kinachofanywa na wengi: tukafomati C, sehemu ya diski yenye Windows, kwa njia ya haraka, tukapiga Windows upya, D tukaiacha kwa kuwa "data ziko huko". Siku mbili tu. Mama mwenye duka akapiga simu: "Wanangu, si mlisema imepona?" Ilikuwa imepona upande wa C. Kwenye D kulikuwa na ikoni za bandia na skripti yake ileile, na wa kwanza kubofya aliirudisha.

Hapo ndipo inabidi utenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, na sisi tuliyachanganya. Kuua virusi ni kazi moja. Kuzuia mtu asiokote data iliyokuwa kwenye diski ni kazi nyingine. Kwa kuua virusi huhitaji kuandika sifuri diski nzima kwa saa mbili. Inatosha kuondoa partisheni zote, yaani sehemu zote za diski, ikiwemo ile ndogo ya EFI ya kuwashia mashine na ya ukarabati, kisha kupiga Windows kutoka kwenye flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta safi. Skripti ambayo hakuna kitu kinachoiita haina uwezo wa kujifufua. Kwa kuzuia data isiokotwe, hapo ndipo sifuri zinapohitajika. Fomati ya haraka inaandika orodha mpya tu ya mafaili. Mafaili yenyewe yamelala palepale yakisubiri mtu mwenye programu ya kuyaokota.

Mara ya pili tuliamua kusafisha diski yote. Data ilinakiliwa kwanza kwenye diski ya nje, kisha tukabuti kwa flashi ya Windows, tukabonyeza Shift na F10 kupata dirisha la amri, tukaandika diskpart, amri ya Windows ya kusimamia diski, halafu list disk. Ukiacha flashi yenyewe, zikatokea diski mbili: Disk 0, GB 465. Disk 1, GB 465.

Diski ya GB 500 huonekana kama 465 kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1,024. Hilo tulilijua. Tulichosahau ni kwamba diski ya nje nayo ilikuwa ya GB 500 na ilikuwa bado imechomekwa. Tukachagua 1, tukaandika clean, tukabonyeza Enter. Amri hiyo haikuulizi kama una uhakika. Sekunde moja, imeshamaliza. Tulipoandika list disk tena na kuona nyota pembeni ya diski isiyo yake, kimya kilichofuata hatutakisahau. Diski tuliyokusudia kuifuta ilikuwa nzima, na bakapu ya miaka minne ya kazi za watu ndiyo iliyokwenda.

Iliokolewa na udhaifu wa amri yenyewe. Clean inafuta jedwali la partisheni na eneo dogo la mwanzo na la mwisho wa diski. Partisheni ya kwanza huwa inaanza MB 1 kutoka mwanzo, kwa hiyo mafaili hayakuguswa. Tulichomoa diski mara moja, hatukuandika chochote juu yake, tukaichomeka kwenye mashine nyingine yenye TestDisk, programu ya kurudisha partisheni zilizofutika. Unachagua diski, unakwenda Analyse, kisha Quick Search. Ikiiona partisheni ya zamani unabonyeza P kutazama kama majina ya mafaili yanasomeka, na yakisomeka ndipo unakwenda Write. Chomoa, chomeka tena. Kila kitu kilirudi, hadi picha za pasipoti za 2019.

Kama tungekuwa tumeandika clean all, tusingepata hata faili moja. Amri hiyo inaandika sifuri kwenye kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha diski. Tangu siku hiyo, kwenye meza yetu hakuna kufuta huku kuna diski nyingine imechomekwa. Huo si ushauri wa "kuwa makini". Unachomoa waya kwa mkono. Kama huwezi kuchomoa, andika detail disk baada ya kuchagua, usome jina la modeli, ulilinganishe na lebo ya diski yenyewe.

Windows mpya ikaingia, mashine ikaenda dukani ikiwa safi. Kisha programu zikarudishwa kutoka kwenye flashi ya duka, folda iitwayo SOFTWARE, ambamo kulikuwa na programu ya kutengeneza kadi za harusi pamoja na kraki yake, yaani kiprogramu cha kukwepa leseni. Kraki ilidai antivirusi izimwe kwanza, kijana wa dukani akaizima. Baada ya siku chache mafaili yote yakaongezewa herufi nne mwishoni mwa jina, hayafunguki, na kila folda ikawa na faili liitwalo _readme.txt linalodai dola 980, au dola 490 ukilipa ndani ya saa 72. Hiyo ni familia ya virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia iitwayo STOP, wengine huiita Djvu, na njia yake kuu ya kuingia ni kraki.

Kwa ugonjwa huu usikimbilie kufuta. Kampuni ya Emsisoft ilitoa mwaka 2019 zana ya bure ya kufungua baadhi ya mafaili ya STOP, na inasaidia hasa pale virusi vilipotumia ufunguo wa nje ya mtandao, ule uliomo ndani ya virusi vyenyewe. Angalia faili PersonalID.txt ndani ya folda SystemID kwenye C. Namba ikiishia na t1, una matumaini. Isipoishia hivyo, nakili mafaili yaliyofungwa pamoja na _readme.txt na hilo la namba, uyaweke kwenye diski yenye lebo, kwa sababu ufunguo unaweza kupatikana baadaye. Ukifuta, hata ufunguo ukija huna cha kufungua. Namba ya duka haikuishia na t1. Bakapu iliyookolewa na TestDisk ndiyo iliyolibeba duka. Kilichopotea ni kazi za siku zile chache tu.

Jambo jingine ambalo mwenye mashine haoni: STOP imezoeleka kuja na mwenzake wa kuiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kwenye steshenari hilo ni zito kuliko mafaili, maana kivinjari kinajaa nywila za wateja walioombewa mikopo ya chuo na kazi serikalini. Kufuta diski hakurudishi nywila iliyokwisha ondoka. Mama alikaa na daftari lake la namba za simu siku nzima akiwaambia watu wabadilishe, kila mtu kwa simu yake, si kwenye kompyuta ile. Haikuwa kazi ya kufurahisha, na wawili walimkasirikia.

Sasa mara ya tatu. Tuliamua mashine ipate SSD mpya (diski ya chipu, isiyozunguka) ya GB 240, shilingi 70,000, na diski ya zamani ifutwe kabisa ili iuzwe ifidie gharama. Humo kulikuwa na nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, fomu za mikopo zenye sahihi za wadhamini. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamhusu pia mwenye kompyuta moja kwenye kona ya mtaa.

Kunakili kulifanywa kwa Linux iliyobutiwa kutoka kwenye flashi, si kwa Windows iliyoambukizwa. Ukiwa Linux, ikoni za bandia na skripti za Windows ni mafaili tu, hayana pa kuendeshwa. Bonyeza Ctrl na H kuona vilivyofichwa. Ile folda isiyo na jina inaonekana hapo kama ikoni yenye nafasi tupu chini yake, na ukiingia unakutana na kazi ambazo mwenye flashi alidhani zimepotea. Nakili docx, xlsx, pdf, jpg. Usinakili exe, scr, lnk, vbs, js wala bat, hata kama mwenye mashine anasema "hiyo ni programu yangu muhimu". Linux ikigoma kuandika kwenye diski ya Windows kwa madai kwamba haikuzimwa vizuri, iache isome tu; kwa kunakili hiyo ndiyo salama zaidi.

Tulisahau fonti. Kadi zote za harusi zilipofunguliwa baadaye, maandishi ya kupinda yalikuwa yamegeuka Arial, na kuzitafuta fonti upya kulikula siku mbili na bando la kutosha. Folda ya Fonts ndani ya C, Windows: ipitie kabla hujafuta. Na kulikuwa na jambo tuliloliona tukalipuuza: kunakili kulikwama dakika kadhaa kwenye folda moja ya picha, diski ikatoa mlio wa kugonga kidogo, kisha ikaendelea. Tutalirudia.

Kabla ya kufuta tuliandika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL, tukalinganisha namba ya utambulisho (serial) ya diski na lebo, safari hii diski ikiwa peke yake mezani. Kisha tukatumia dd, amri ya Linux ambayo hapa inaandika sifuri diski nzima:

dd if=/dev/zero of=/dev/sda bs=1M oflag=direct status=progress

Pasi moja, yaani kuiandika diski nzima mara moja. Kuna mafundi, hapa Mbeya na Iringa pia, wanaowaambia wateja kwamba bila pasi 35 data inaokoteka. Namba hiyo inatoka kwenye utafiti wa Peter Gutmann wa 1996, uliohusu diski za wakati ule, na yeye mwenyewe alishasema haifai kutumiwa hivyo kwa diski za kisasa. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, toleo la 2014, ulikubali pasi moja kwa diski za kuzunguka. Diski hii ilikuwa ikienda kwa wastani wa MB 80 hivi kwa sekunde, kwa kasi zaidi mwanzoni na polepole mwishoni kwa sababu njia za ndani ni fupi: pasi moja inakaribia saa mbili. Pasi 35 ni karibu siku tatu za umeme, na bei ya fundi inapanda kwa kitu kisicholeta tofauti. Ukifanya kazi hiyo kwa kebo ya USB 2.0, kasi inashuka hadi MB 30 na kitu, na hata pasi moja inapita saa nne. Fungua boksi, chomeka SATA, kebo ya ndani ya mashine.

Ilikuwa mwezi wa tatu, na mvua ya mchana ya Mbeya ina tabia yake. Radi ilipiga upande wa Mlima Loleza, umeme ukakatika, UPS yenye betri mfu ikalia mara moja ikazima. Kwa bahati mwenzetu mmoja alikuwa akinakili namba ya maendeleo nyuma ya risiti, na ya mwisho, muda mfupi kabla ya giza, ilikuwa GB 187. Umeme uliporudi tulitaka kuendelea tulipoishia badala ya kuanza upya, tukaongeza seek=187000, yaani iruke vipande 187,000 vya mwanzo.

Hapo ndipo penye mtego. Namba ya GB ambayo dd inaonyesha ni ya elfu, lakini bs=1M, ukubwa wa kipande kimoja, ni baiti 1,048,576. Vipande 187,000 vya namna hiyo ni GB 196, si 187. Tuliruka GB 9 ambazo hazikuwa zimeandikwa. Hesabu sahihi ni kugawa baiti kwa 1,048,576, unapata kama 178,300, kisha unarudi nyuma kidogo kwa usalama: seek=175000. Na kama hukuweka oflag=direct, rudi nyuma zaidi, kwa kuwa dd inaweza kuwa imehesabu data iliyokuwa bado kwenye RAM.

Kosa hilo lilionekana kwa sababu tulikagua. Mwisho wa kazi dd inatoa ujumbe kwamba nafasi imekwisha kwenye kifaa. Usishtuke, ndivyo inavyomaliza. Kisha andika hexdump /dev/sda. Diski iliyofutika yote inakupa mistari mitatu tu: mstari wa sifuri, chini yake nyota, chini yake namba moja ya mwisho wa diski. Inachukua muda uleule wa kufuta, na nusu ya mafundi hawaifanyi. Yetu ilionyesha sifuri, nyota, halafu kioo kikaanza kufurika herufi na namba, mistari isiyokoma. Tukaibonyezea Ctrl na C, tukarudia kutoka 175000. Mara ya pili ikaja mistari mitatu.

Kwa SSD njia hii haifai. SSD ina akiba ya chipu ambayo mfumo hauioni, na kidhibiti chake kinahamisha data huku na huku, kwa hiyo sifuri zako hazina uhakika wa kufika kila mahali. Laptopu ya kijana wa duka ilikuwa na SSD ya SATA, na nayo ilikuwa imepata ugonjwa uleule kupitia flashi ileile ya SOFTWARE. Unaanza na hdparm -I /dev/sda, unashuka hadi sehemu ya usalama. Ikisema imegandishwa (frozen), ilaze laptopu kwa systemctl suspend, iamshe, angalia tena. Mara nyingi inakuwa imeachiliwa. Kisha unaweka nywila fupi na kuamuru ijifute:

hdparm --user-master u --security-set-pass p /dev/sda
hdparm --user-master u --security-erase p /dev/sda

Ilimaliza chini ya dakika mbili. Umeme ukikatika katikati, SSD inabaki imefungwa kwa nywila hiyo, na mtu asiyeijua atadhani imekufa. Ndiyo maana nywila ni p, na imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye karatasi iliyobandikwa mezani. Usifanye hili kupitia adapta ya USB. Kwa SSD za aina ya NVMe amri ni nvme format /dev/nvme0n1 -s 1.

Kuhusu virusi vinavyojificha kwenye BIOS, programu ya kuwashia mashine iliyo nje ya diski: vipo, LoJax iligunduliwa na kampuni ya ESET mwaka 2018, lakini hiyo ilikuwa imelenga ofisi za serikali huko Ulaya. Steshenari ya Mwanjelwa ina shida nyingine za kuhangaikia. Anayekutoza pesa ya "kusafisha BIOS" muulize ameona nini.

Windows ilirudi bila kununua leseni, kwa kuwa leseni ya Windows 10 iliyokwisha kuamilishwa kwenye mashine hubaki na mashine hiyo hata diski ikibadilishwa. Ila Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa za kizazi cha nne hazipo kwenye orodha ya Windows 11. Mama alielezwa hilo waziwazi. Tulizima kiendesha skripti cha Windows kwenye rejista, hifadhi ya mipangilio ya Windows, chini ya HKLM, Software, Microsoft, Windows Script Host, Settings, kwa kuweka thamani ya DWORD iitwayo Enabled kuwa 0. Virusi vya shotikati vinavyotegemea vbs vikija havina miguu. Programu ya kadi sasa ni ya bure, Inkscape, na kijana alinung'unika wiki nzima kabla ya kuizoea. Flashi ya SOFTWARE ilifutwa kwa dd kama diski. Flashi za wateja zinafunguliwa kwanza kwenye laptopu ya zamani yenye Linux, iliyowekwa mlangoni mwa kaunta.

Gharama yote, pamoja na SSD, bando na siku nne za duka kutochapa, ilizidi laki mbili. Diski ya zamani ilikuwa imepata mteja wa 30,000. Kabla ya kumpa ndipo mmoja wetu akaandika smartctl -a, amri inayosoma afya ya diski, jambo tulilopaswa kulifanya kabla ya yote: sekta 48 zilizohamishwa. Ule mkwamo wa folda ya picha ulikuwa huu. Diski ikikuta sekta mbovu inaweka nyingine ya akiba mahali pake, na ile ya zamani, na chochote kilichobaki ndani yake, haiguswi tena na dd wala hexdump haiioni. Huenda ni vipande vya picha visivyosomeka. Huenda ni kitambulisho cha mtu.

Haikuuzwa. Skrubu za pembeni ni Torx T8, na moja imejificha chini ya lebo. Ipapase kwa kidole mpaka uisikie inabonyea. Sahani zake zilikuwa za alumini, tukazitoboa kwa drili matundu manne kila moja na kuzikunja kwa nyundo. Za laptopu nyingi ni za kioo, hizo zifunge kwenye kitambaa kizito kwanza, zinapasuka kwa kishindo. Sumaku mbili za ndani Mama alizitaka. Ziko kwenye rafu ya chuma nyuma ya kaunta, zinashika risiti za siku.